Sanduku la Tabaka na Vivinjari Visivyopatana (Sehemu ya Nne)

Katika makala tatu zilizotangulia msomaji ameona jinsi ukurasa wa wavuti usafirivyo kutoka kwenye seva hadi simuni, na jinsi kivinjari kinavyousoma msimbo wake na kuugeuza kuwa maandishi, picha na vitufe. Nami nilikuwa nimekusudia juma hili nianze habari za nywila na usalama wake, lau si jambo nililolishuhudia Keroka, ambalo limenirudisha kwenye mahaba yangu ya siku nyingi, yaani ugomvi wa vivinjari.

Tangu Juni 2023, serikali ilipozindua huduma zaidi ya 5,000 katika eCitizen, hatukomi kuhimizwa sisi raia tuziache foleni, kila hati tuiombe kwa simu. Wito huo ni mwema. Lakini nilikuwa nimeketi katika saiba moja ya Keroka, mji ule uliopasuliwa na mpaka wa Kisii na Nyamira hata serikali za kaunti hizo mbili zikazozania ushuru wake, nikamwona mama mmoja wa makamo akijaza katika simu yake, kwa Opera Mini, fomu ya taasisi nisiyopenda kuitaja. Alijaza jina, akajaza namba ya kitambulisho, akafika mwisho. Kitufe cha kutuma hakikuwapo.

"Mama, hiyo fomu haitaki simu yako," kijana wa saiba akamwambia kwa upole. "Kaa hapa kwa mashine, ni hamsini tu."

Fomu haitaki! Fomu haina nafsi ya kutaka wala kukataa. Aliyekataa ni mtu, aliyeketi pahali penye umeme na kompyuta mpya, akaijaribu kazi yake kwa kivinjari chake mwenyewe, akaridhika, akapokea ujira.

Asili ya fitina hii ya vivinjari ni ya zamani kuliko kijana yule. Tim Berners-Lee alipoipendekeza wavuti mwaka 1989 katika maabara ya CERN, na CERN ilipoitoa bure kwa walimwengu mwezi Aprili 1993, muradi wake ulikuwa ukurasa mmoja usomeke kwa mashine yoyote. Mwaka 1994 likaundwa baraza la W3C lizitunze kanuni za pamoja, na mwaka huohuo Mnorwe Håkon Wium Lie akapendekeza lugha ya kupamba kurasa, ambayo yeye na Mholanzi Bert Bos waliikamilisha, ikatangazwa kwa jina la CSS Desemba 1996. Ila wino wa kanuni ulikuwa haujakauka ilhali Netscape na Microsoft wamekwisha kushikana mashati, huyu akizua lebo ya kuyafanya maneno yapepese kama taa mbovu, na yule akijibu kwa lebo ya kuyatembeza maneno kutoka upande hadi upande, hata watengenezaji wa tovuti wakawa wanauandika kila ukurasa mara mbili, mithili ya mchuuzi wa Keroka aliyelazimika kubeba risiti mbili mfukoni kwa fungu moja la ndizi.

Niruhusiwe hapa kueleza kisa cha sanduku, kwani ndicho kinipendezacho kupita vyote, na watu wa Gusii wana haki ya kukielewa upesi kuliko wengine. Mnunuzi akienda kwa wachongaji wa Tabaka, Gusii, akaagiza sanduku la jiwe la sabuni lenye upana wa sentimita 30, mchongaji muungwana, kabla hajashika tindo, atamuuliza: thelathini za nje, au za ndani? Kwa kuwa kuta zina unene wake, na asiyeuliza atachonga sanduku zuri lisiloingia rafuni. CSS ilijibu mapema: upana ni wa ndani, pale yakaapo maneno, na nafasi inayoyazunguka maneno pamoja na mstari wa ukingo huongezwa juu yake. Kwa hiyo sanduku la pikseli 300, lenye nafasi ya 20 na ukingo wa 5 kila upande, huchukua pikseli 350 za kioo. Internet Explorer ya Microsoft, toleo la tano katika Windows, ilipima kwa nje: jumla 300, na maneno yakabanwa katika 250. Mtu aliyepanga masanduku mawili kama hayo yakae bega kwa bega katika uwanja wa pikseli 600, akaona yamekaa sawia katika Internet Explorer, alishangaa kukuta katika kivinjari chenye kutii kanuni yanadai 700, na lile la pili limeporomoka chini.

Hila za kuponya ugonjwa huo zilikuwa nyingi. Tantek Çelik, aliyekuwa mhandisi wa Microsoft yenyewe, aligundua namna ya kuandika mstari ambao kivinjari kikongwe hukwama katikati yake, kikashika kipimo kimoja, ilhali vingine vyaendelea na kushika cha pili. Tena mwaka 2000, katika Internet Explorer ya kompyuta za Macintosh, yeye na wenzake wakaleta dawa ya adabu zaidi: ukurasa ukianza kwa tamko rasmi la aina yake, kivinjari kitaushika kwa kanuni, usipolitoa, kitausoma kwa mazoea ya kale. Tamko hilo la mstari mmoja lingali juu ya kila ukurasa ulioandikwa vyema, kama bismillahi ya kazi. La ajabu ni kwamba miaka ilipopita, waandishi wa kurasa walikiona kipimo cha nje kuwa chepesi kwa hesabu, CSS ikakiruhusu kwa amri maalumu, na leo wengi hukichagua. Kumbe Microsoft haikuwa na kosa la hesabu. Kosa lake lilikuwa kutenda peke yake baada ya mapatano kuandikwa.

Na mwenye kushinda huzembea. Internet Explorer ya sita ilitoka mwaka 2001, ikatawala takriban vioo vyote, na ndugu yake wa saba hakuzaliwa hadi Oktoba 2006. Ni watu wa kujitolea wa Web Standards Project, walioanza kazi mwaka 1998, waliobaki wakibisha hodi, hata mwaka 2005 wakatoa mtihani wa Acid2: kivinjari mtiifu huchora uso wenye tabasamu, na kizembe huchora makapi. Internet Explorer ilistaafishwa tarehe 15 Juni 2022, nami sikulia.

Nafasi inanibana, na mama wa Keroka angali anangoja. Opera Mini, iliyoanza mwaka 2005, ikikaza kuokoa bando, haiuleti ukurasa wote simuni. Seva zake huusoma kwa niaba ya simu, huzipa skripti sekunde chache tu, huukamua, kisha hutuma kilichobaki. Kitufe kilichozaliwa na skripti iliyochelewa hakifiki. Dawa yake ni kitufe kiandikwe kwa HTML wazi, kiweze kutuma fomu chenyewe, skripti ije baadaye kama pambo, na msimbo uulize "unaliweza jambo hili?" badala ya "jina lako nani?", kwa kuwa vivinjari husema uongo juu ya majina yao, na karibu vyote hata leo hujitambulisha kuwa Mozilla.

Nilimweleza kijana hayo kwa kirefu, labda kirefu mno. Akanisikiliza kwa heshima, akaomba simu ya mama aliyekwisha kuhamia kwenye mashine, akafungua kwa Opera Mini ile tovuti ya chama chetu cha walimu wastaafu, niliyoitengeneza kwa mikono yangu.

"Mwalimu," akasema, "na hii yako mbona kichwa kimekalia salamu za mwenyekiti?"

Nilikirekebisha usiku uleule. Orodha ya wanachama bado inakataa.