Binti wa Nani? Shauri la Bibi Gundrada, na Desturi ya Tarime

Katika vilima vya Tarime, na ng'ambo ya mto Mara mpaka upande wa Serengeti, Wakurya hawajibu swali la "mtoto huyu ni wa nani" kwa kutazama uso wa mtoto. Hutazama ng'ombe. Mzee akiulizwa habari ya uzazi wa mtu, naye huuliza: mama yake aliolewa kwa ng'ombe wa nani? Walitoka zizi gani, wakaingia zizi gani? Ng'ombe waliopokewa msichana alipoolewa ndio ambao ndugu yake mwanamume huwatumia kuoa, na wale watokao hapo huenda kuoa mwingine mahali pengine. Basi njia ya ng'ombe ni kama kitabu, na wazee wajua kukisoma kwa kurudi nyuma vizazi kadha wa kadha. Aliyetoa mahari ndiye mwenye watoto. Aliyekuwa na mama pasipo kutoa mahari hana neno barazani.

Desturi hii hufika mbali zaidi katika ndoa iitwayo nyumba ntobhu, yaani nyumba ya wanawake. Bibi aliyekosa mtoto wa kiume, awe mjane, au hakujaliwa kuzaa, au alizaa mabinti watupu wakaolewa wakaenda zao, aweza kutoa ng'ombe wake na kumwoa msichana. Hawakai kama mume na mke. Msichana hupata mwanamume wa kuzaa naye, na watoto wanaozaliwa ni wa nyumba ya yule bibi; huitwa kwa jina la nyumba hiyo, na ndio watakaorithi mashamba na mifugo. Yule mwanamume hakutoa ng'ombe, kwa hiyo hahesabiwi kuwa baba. Wakurya si peke yao katika jambo hili. Wanandi wa Kenya nao wanayo ndoa ya namna hiyo.

Mradi mtoto ni mdogo, mambo huenda kimya. Mashauri huanza akiwa mkubwa. Kijana akiwa na nguvu za kazi, au binti akikaribia kuposwa na ng'ombe wakawa karibu kuingia zizini, ndipo mwanamume aliyekuwa kimya miaka yote aweza kukumbuka ya kwamba ile ni damu yake. Wala tusifiche upande wa msichana aliyeolewa: wako waliotolewa wangali wadogo, kwa sababu baba zao walikuwa na haja ya ng'ombe, wala hawakuulizwa kama wanapenda. Tena Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yaeleza ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, hata nyumba ntobhu haina mahali ndani yake. Mama na watoto wakifukuzwa mjini baada ya bibi kufa, hawana cheti cha ndoa cha kuonyesha.

Kwa hiyo katika shauri la namna hii pana maswali mawili, si moja. La kwanza: nani alimzaa? La pili: ni wa nyumba gani? Watu wakiyachanganya, shauri haliishi. Twapenda kuweka kando ya desturi hii shauri moja la Ulaya, la bibi aliyekufa zaidi ya miaka 900 iliyopita, ambalo liliwashughulisha wataalamu wa Uingereza hata karne ya 19. Latufaa kwa kuwa lilikatwa kwa njia ambayo mzee wa Tarime angeitambua mara moja.

Bibi huyo jina lake Gundrada. Mumewe, William de Warenne, alikuwa mmoja wa wakuu waliovuka bahari mwaka 1066 pamoja na William, mtawala wa Normandy, walipoiteka nchi ya Uingereza. Mfalme huyo mpya tutamwita Mshindi, ili wasomaji wasipotee kati ya akina William wengi. Kama mwaka 1077 Warenne na mkewe walijenga nyumba ya watawa mjini Lewes, upande wa kusini wa Uingereza, wakaikabidhi kwa watawa wa Cluny wa Ufaransa. Ilikuwa nyumba ya kwanza ya watawa hao katika Uingereza. Gundrada alifariki tarehe 27 Mei 1085 huko Castle Acre, katika uzazi, akazikwa Lewes. Mumewe alimfuata mwaka 1088.

Sasa, baba yake Gundrada alikuwa nani? Hati zilizohifadhiwa na watawa wa Lewes zajibu upesi: alikuwa binti wa Mshindi mwenyewe na mkewe Malkia Matilda. Hati moja, inayosemwa kuwa ya Warenne, yamtaja Malkia kuwa mama wa mkewe. Nyingine ni ya Mfalme, nayo ina maneno yanayomwita Gundrada binti yake. Ungedhani shauri limekwisha. Lakini wataalamu walipozichungua hati hizo waliona ya kuwa ile ya kwanza, kwa namna tuliyo nayo, iliandikwa baadaye sana, na yale maneno machache katika ya pili yatiliwa shaka kuwa yaliongezwa na mkono mwingine. Tukumbuke ni nani waliozitunza. Nyumba ya watawa iliyoanzishwa na binti wa mfalme yapata heshima, na heshima yalinda mashamba. Mzee wa baraza angeuliza hapo hapo: shahidi huyu anakula katika zizi la nani?

Kaburi nalo lina hadithi yake. Nyumba ya Lewes ilivunjwa mwaka 1537, Mfalme Henry wa Nane alipozifunga nyumba za watawa, na jiwe zuri jeusi la Gundrada likachukuliwa likawekwa juu ya kaburi la mtu mwingine katika kanisa la Isfield. Huko ndiko lilikotambuliwa mwaka 1775, likarudishwa Lewes katika kanisa la Southover. Tena mwaka 1845, mafundi wa reli walipokuwa wakichimba njia kupita katika magofu ya ile nyumba, walifukua visanduku viwili vya risasi vyenye mifupa, kimoja kimeandikwa jina la Gundrada, cha pili jina la mumewe. Watu walifurahi sana, na ilikuwa haki yao kufurahi. Lakini jina kwenye kisanduku halisemi baba ni nani. Na lile jiwe, ambalo lilichongwa katika karne ya 12 kwa ajili ya watawa wenyewe, lasema tu ya kuwa alitoka katika ukoo wa watawala. Halisemi mfalme. Kwetu sisi ukimya huo ni mzito: ni nani achongaye sifa za binti wa mfalme wa Uingereza, akasahau kumtaja mfalme?

Wako pia mashahidi wasiokuwa na shamba Lewes. Orderic Vitalis, mtawa aliyeandika tarikh ndefu huko Normandy katika karne ya 12, asema ya kwamba Warenne alimwoa dada yake Gerbod. Gerbod huyo alikuwa mtu wa Flanders, ambaye Mshindi alimpa mji wa Chester kwa muda mfupi, kama mwaka 1070. Malkia Matilda naye alikuwa mtu wa Flanders. Basi mwaka 1846 mtaalamu mmoja, Thomas Stapleton, alijaribu kuwapatanisha mashahidi wote: labda, alisema, Matilda aliolewa kwanza na mtu mwingine wa Flanders, akamzaa Gerbod na Gundrada, ndipo akaolewa na Mshindi. Kwa maneno hayo Gundrada angekuwa binti wa Malkia bila kuwa binti wa Mfalme. Ni jibu la werevu. Upungufu wake ni kwamba hakuna aliyeishi zama zile aliyeitaja ndoa hiyo ya kwanza.

Kilichokata shauri ni barua juu ya posa. Mfalme Henry wa Kwanza, mwana wa Mshindi na Matilda, aliyetawala tangu 1100 mpaka 1135, alikuwa na binti aliyezaliwa nje ya ndoa. Alitaka kumwoza kwa William de Warenne wa pili, mwana wa Gundrada. Akamwuliza Anselm, Askofu Mkuu wa Canterbury, kama yafaa. Siku zile Kanisa lilikataza ndoa ya ndugu mpaka kizazi cha saba. Ndipo mwaka 1215 lilipopunguza mpaka cha nne. Anselm akajibu kwamba haifai, kwa kuwa wawili hao ni ndugu: upande mmoja katika kizazi cha nne, upande wa pili katika cha sita.

Hesabu hiyo itazamwe vizuri. Kama Gundrada alikuwa binti wa Mshindi, basi yeye na Mfalme Henry walikuwa ndugu wa tumbo moja, na wale waposanao ni mtoto wa kaka na mtoto wa dada. Kama alikuwa binti wa Matilda tu, bado ni hivyo hivyo, kwa maana mama ni mmoja. Katika hali hiyo Askofu angekuwa na haja gani ya kupanda vizazi vinne huku na sita huku, akitafuta babu wa mbali? Atakaye kuzuia ndoa hutaja kwanza undugu ulio karibu. Wakurya, ambao hawaoi ndani ya ukoo wao, hufuata njia hiyo kila posa inapoletwa: huuliza mpaka wapate pale mbari mbili zinapokutana, na wakipapata karibu hawaendelei. Edward Freeman, mwanahistoria wa Uingereza, aliieleza hoja hii katika mwaka 1888, na leo wanahistoria kwa jumla humhesabu Gundrada kuwa mtu wa Flanders, dada yake Gerbod, si mtoto wa Mshindi wala wa Matilda.

Msomaji wa Tarime aweza kutupinga hapa. Atasema: huenda Gundrada hakuwa binti kwa damu, lakini alikuwa binti kwa nyumba, kama watoto wa nyumba ntobhu, na hati hazikusema uwongo. Pingamizi hilo ni zuri kuliko mengi tuliyosoma. Lakini lina jibu, nalo latoka Tarime kwenyewe. Mtoto wa nyumba ntobhu huhesabiwa katika ukoo wa nyumba yake kwa kila jambo, pamoja na miiko ya kuoa. Kama mahakama ya Mfalme ingalimhesabu Gundrada kuwa wa nyumba yake kwa namna hiyo, Henry asingemposea binti yake mwana wa Gundrada hata kidogo. Posa yenyewe ni ushahidi.

Turudi basi Tarime. Mahakama za Tanzania zina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotaja mambo ambayo hakimu aweza kuyatazama kuhusu uzazi: jina la baba katika daftari la vizazi, sherehe ya kimila iliyofanywa na baba, kukiri mbele ya watu, na majibu ya kipimo cha vinasaba. Kipimo hicho chajibu vema swali la kwanza, la damu. Swali la nyumba hakiligusi, na kwa mtoto wa nyumba ntobhu chaweza kumpa haki mwanamume ambaye hakumlisha hata siku moja. Huko Kenya, Mahakama Kuu iliyokaa Mombasa ilikata shauri la urithi mwaka 2011 kwa kufuata mila ya Wanandi, ikakubali ya kuwa mke aliyeolewa na mwanamke ana haki katika mali ya marehemu.

Kwa mtu anayetaka kuwalinda watoto wa nyumba kama hiyo, kazi ni kuandika mapema, bibi angali hai: ng'ombe wangapi, rangi zao, walitoka zizi la nani, nani walishuhudia, na siku gani, na watoto waandikwe katika daftari la vizazi wakiwa wachanga. Bibi naye aandike wosia wa mashamba kwa majina yao. Mashahidi wawe wa pande zote mbili, na angalau mmoja awe mtu asiyepata kitu katika mali ile.