Amesomea Kigiriki na Kilatini, ataajiriwa na nani?

KATIKA miaka ya 1950, tajiri mmoja wa Marekani aliyeitwa Ed Turner, mwenye biashara ya mabango ya matangazo ya barabarani, alipata habari zilizomchafua roho. Mwanawe Ted, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brown, alikuwa ameamua kusomea lugha, fasihi na historia ya Ugiriki na Roma ya kale, taaluma ambayo wenyewe huiita klasiki. Mzee alishika kalamu akamwandikia barua kali ya kumkanya, akishangaa elimu ya namna hiyo itamfaa nini mtu anayetarajiwa kuendesha biashara. Kijana naye hakukubali kunyamaza, aliipeleka barua ile ikachapishwa katika gazeti la wanafunzi!

Hatimaye Ted alihamia somo la uchumi, akafukuzwa chuoni kabla ya kuhitimu, na mnamo 1980 akaanzisha kituo cha televisheni cha CNN. Kwa hivyo haijulikani nani kati ya baba na mwana alishinda ubishi ule.

Wazazi wa Kenya nao wanaweza kujikuta katika hali hiyo. Kila mwaka kuna vijana wetu wanaopata nafasi katika vyuo vya Marekani, baadhi yao kwa ufadhili. Katika vyuo vingi vya huko, mwanafunzi huachiwa muda wa kuonja masomo mbalimbali kabla ya kutangaza somo lake kuu. Mzazi aliyemsindikiza mwanawe uwanja wa ndege akijua anakwenda kuwa mhandisi anaweza kupigiwa simu mwaka wa pili na kuambiwa kwamba kijana amependa Kigiriki. Je, akasirike?

Kwanza asidanganywe. Hakuna tangazo la kazi gazetini linalosema kwamba anatakiwa mtu wa klasiki, isipokuwa la mwalimu au mhadhiri wa somo hilo hilo. Na hapa nyumbani hata mlango huo ni mwembamba, kwa sababu Kilatini na Kigiriki havimo katika masomo ya KCSE, na Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) humtaka mwalimu wa sekondari awe na masomo mawili ya kufundisha pamoja na mafunzo ya ualimu. Afrika Magharibi mambo ni tofauti kidogo. Chuo Kikuu cha Ibadan nchini Nigeria na kile cha Ghana, vyote vilivyoanzishwa 1948, vimekuwa na idara za klasiki tangu enzi hizo.

Hata hivyo, waliosoma mambo haya hawakufa njaa. Léopold Sédar Senghor alikuwa Mwafrika wa kwanza kufaulu, mwaka wa 1935, mtihani mgumu wa Ufaransa wa kuteua walimu wa sarufi, kisha akawafundisha watoto wa Kifaransa Kilatini na Kigiriki katika mji wa Tours. Baadaye alikuwa rais wa Senegal kuanzia 1960 hadi 1980. J.K. Rowling, mwandishi wa vitabu vya Harry Potter, alisomea Kifaransa na klasiki katika Chuo Kikuu cha Exeter, na anayevijua vitabu vyake anajua jinsi uchawi wake ulivyojaa maneno yanayonukia Kilatini. Toni Morrison, aliyetuzwa Nobeli ya fasihi mwaka wa 1993, alisoma klasiki kama somo lake dogo katika Chuo Kikuu cha Howard, chuo mashuhuri cha Wamarekani weusi. Inasikitisha kwamba mnamo 2021 chuo hicho kilitangaza kuivunja idara yake ya klasiki.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa Dilly Knox. Huyu alikuwa msomi wa Cambridge ambaye kazi yake ilikuwa kuunganisha vipande vya mashairi ya Kigiriki yaliyoandikwa kwenye mafunjo yaliyoliwa na wadudu. Maneno yalikosekana, herufi zilifutika, naye alilazimika kukisia kwa hoja kilichokuwa katika pengo. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, Uingereza ilimchukua kufumbua barua za siri za adui. Katika Vita Vikuu vya Pili alirudia kazi hiyo huko Bletchley Park, na mwaka wa 1941 kikundi chake kilifumbua ujumbe wa jeshi la majini la Italia uliowasaidia Waingereza kushinda vita vya baharini vya Matapan. Maarifa ya kuziba pengo katika shairi ndiyo yaliyotumika kuziba pengo katika ujumbe wa siri.

Siku hizi kazi hiyo imeungana na kompyuta. Mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka wa 79 B.K., uliunguza maktaba nzima ya hati huko Herculaneum, zikawa kama magogo ya makaa ambayo ukijaribu kuyafungua yanasagika. Mnamo Februari 2024 vijana watatu walitangazwa washindi wa zawadi ya dola 700,000 kwa kusoma sehemu ya hati moja bila kuifungua, kwa picha za eksirei na programu za kompyuta. Lakini mashine ikishaonyesha herufi, lazima awepo mtu wa kueleza zinasema nini.

Na asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya Wazungu tu. Wanafunzi wetu wa historia hukariri jina la Periplus, ile taarifa ya karne ya kwanza kuhusu biashara ya Bahari Hindi. Iliandikwa kwa Kigiriki. Inaeleza bandari iliyoitwa Rhapta, inayosema ilipata jina lake kutokana na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba (na mzee yeyote wa Lamu atakwambia mtepe ulishonwa vipi), na inawataja manahodha Waarabu waliooa huko na kuijua lugha ya wenyeji. Mahali ilipokuwa Rhapta bado wataalamu wanabishania. Sisi tunaisoma taarifa hiyo kwa tafsiri za wageni. Mkenya mwenye Kigiriki, akiongeza shahada ya pili ya akiolojia, angeweza kuingia katika ubishi huo kwa miguu yake mwenyewe.

Kuna pia kazi ya kutafsiri Biblia katika lugha zetu ndogo ndogo. Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, tena kilicho chepesi kuliko kile cha Plato, na vyuo vya theolojia huhitaji walimu wa lugha hiyo. Yeyote aliyekulia kanisani ataona kuwa kazi hiyo haina ugeni wowote kwetu.

Kwa hivyo swali la mzazi lisiwe ataajiriwa na nani tu, bali atasomea nini baada ya hapo. Marekani, mwenye digrii yoyote anaweza kuomba kuingia shule ya sheria, na hata ya udaktari akiwa amesoma kando kemia, fizikia na baiolojia, ingawa shule nyingi za udaktari za huko haziwapokei wageni kwa urahisi. Lakini anayetaka kuwa wakili Kenya lazima awe na digrii ya sheria kabla ya kuingia Kenya School of Law. Klasiki peke yake haitamfikisha hapo, hata awe amekariri Kilatini chote cha mahakamani. Anayekusudia kubaki ughaibuni na anayekusudia kurudi hawana hesabu moja, na afadhali jambo hili lizungumzwe mapema kuliko siku ya mahafali.

Kwa anayefikiria Uingereza, asitishike kwa kuwa hakusoma Kilatini shuleni. Cambridge ina kozi ya miaka minne kwa wasiokijua, badala ya mitatu, na mwaka wa kwanza ni wa kujifunza lugha hiyo hasa. Mwaka huo wa ziada una karo yake, chumba chake na chakula chake, na barua ya ufadhili isomwe vizuri kuona kama inaulipia.