Mwalimu Akinyamaza, Sikio Hufanya Kazi

Katika sherehe za Bulabo, zinazofanyika Bujora, Kisesa, karibu na jiji la Mwanza, baada ya sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, Wagika na Wagalu hupambana kwa ngoma. Vyama hivi viwili hasimu vya Wasukuma hucheza kwa wakati mmoja, na ushindi huenda kwa kundi lililovuta watazamaji wengi. Watu wakianza kuhamia upande wa pili, wachezaji wanajua mambo yameharibika, lakini hakuna anayewaambia kama kosa liko kwenye mdundo, uimbaji au vituko. Kosa hilo wanalitafuta wenyewe.

Sayansi ya ujifunzaji inathamini sana kazi hiyo ya kujitafutia kosa. Mwaka 1990, Carolee Winstein na Richard Schmidt walifundisha watu zoezi la mkono. Waliopewa mrejesho katika nusu tu ya majaribio walilikumbuka baadaye vizuri kuliko waliopewa kila mara. Anayesahihishwa kila mara huacha kujisikiliza. Msahihishaji akiondoka, ustadi nao hulegea.

Kwenye muziki, Robert Duke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas walichunguza wanafunzi 17 wa piano waliofanya mazoezi ya kipande kifupi. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2009, waliopiga vizuri zaidi kesho yake hawakuwa waliokaa muda mrefu kwenye kinanda. Walikuwa wale waliotambua kosa lilipo hasa, wakapunguza kasi, wakarudia hapo hapo mpaka likaisha.

Mwalimu wa kwaya anaweza kuanza hata wiki hii. Besi wakishuka, asikimbilie kuwaimbia nota sahihi. Awaulize kwanza: tumeshuka wapi? Awarekodi kwa simu, wasikilize, wataje sehemu yenye kosa, ndipo wapime sauti yao kwa kinanda. Wamalize kwa kusema watakachofanyia kazi nyumbani.

Anayeanza bado anahitaji kuelekezwa kwa karibu, maana sikio lake halijajua sauti sahihi ikoje. Kadiri anavyokomaa, maelekezo yapungue na maswali yaongezeke. Walimu wa muziki, msijipime kwa idadi ya makosa mliyosahihisha. Jipimeni kwa yale ambayo wanafunzi wameyagundua kabla hamjafungua mdomo.