Uliza Umri, Si Nembo: Kuipima Laptopu ya Mtumba Katika Hewa ya Pwani

Kwenye maduka ya laptopu ya Magongo, kule Changamwe, mnunuzi huanza na swali lilelile: "Kampuni gani nzuri?" Muuzaji hapati tabu kulijibu, kwani nzuri ni ile aliyonayo. Nyingi ya mashine zake ni "ex-UK", yaani mitumba iliyotumika maofisini ng'ambo miaka kadhaa kisha ikauzwa kwa jumla: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Zote ziliundwa kuhimili kazi ya ofisi. Kinachozitofautisha, hata mbili za modeli moja zilizokaa rafu moja, ni namna zilivyotumika.

Nembo haina uzito tunaoipa. Mwaka 2009 SquareTrade, kampuni ya Marekani inayouza dhamana za vifaa, ilichambua rekodi za laptopu zaidi ya 30,000. Katika miaka mitatu asilimia 31 zilipata kasoro. Kama thuluthi mbili ya hizo ziliharibika zenyewe, na zilizobaki ziliponzwa na ajali, kama vile kuangushwa au kumwagikiwa. Kwa zilizoharibika zenyewe, kampuni iliyoongoza ilikuwa na takriban asilimia 16, na iliyoshika mkia takriban 26. Kwa hiyo hata kwa nembo bora, karibu moja kati ya sita iliharibika, na kwa nembo ya mwisho, kama tatu kati ya nne zilisalimika.

Isitoshe, watengenezaji hununua vipuri kwa watu walewale. Mwaka 2008 Nvidia ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu zake za picha zilizokuwa zikifa ndani ya laptopu za kampuni mbalimbali. Viungo vidogo vya kulehemu vilichoka kwa kupata moto na kupoa kila mara, vikapasuka. Aliyekimbia nembo moja angeweza kuikuta chipu ileile chini ya nembo nyingine.

Joto na chumvi

Maadui wawili wa laptopu wanajulikana vizuri Mombasa. Wa kwanza ni joto. Kwa kawaida, athari nyingi za kikemia huongezeka kasi kama maradufu joto linapopanda nyuzi 10, na betri ya lithiamu ni kemia tupu. Kwa makadirio yanayotumiwa sana, betri iliyojazwa chaji na kuwekwa mwaka mzima kwenye nyuzi 25 hubaki na kama asilimia 80 ya uwezo wake. Kwenye nyuzi 40 hubaki na kama 65.

Wa pili ni chumvi. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, chumvi ya kawaida hufyonza maji hewani na kugeuka majimaji. Ndiyo maana chumvi ya mezani hulowa pwani. Changamwe, iliyo kati ya hori la Port Reitz na lile la Tudor, hukivuka kiwango hicho karibu kila usiku. Feni ya laptopu huvuta hewa hiyo pamoja na vumbi la malori ya bandarini, na vumbi hilo hutua kwenye bodi. Usiku likilowa, linapitisha umeme. Mkondo mdogo huvuka kati ya ncha mbili zisizopaswa kukutana, shaba huliwa polepole, na ukoko wa kijani hujitokeza.

Kwa hiyo anza na tochi ya simu. Mulika ndani ya tundu la chaji na matundu ya USB, kisha pindua laptopu utazame skrubu. Skrubu zenye kutu, au rangi ya kijani ndani ya tundu, zinaonyesha kuwa unyevu umeingia, na huenda bodi nayo imeguswa. Iache hata ikiwaka vizuri. Tazama pia kama padi ya kipanya imeinuka au kifuniko cha chini kimetuna: hiyo ni betri iliyovimba, na ni hatari ya moto.

Rekodi zilizo ndani

Laptopu hujiwekea rekodi. Kwenye Windows, fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport. Faili itakayotokea ina mistari miwili ya kulinganisha: Design Capacity, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na Full Charge Capacity, uwezo wake wa leo. Tuseme wa kwanza ni 50,000 na wa pili ni 31,000. Betri hiyo imebakiwa na asilimia 62, basi ingiza bei ya betri mpya kwenye mapatano. Namba mbili zikilingana kabisa kwenye mashine kuukuu, shuku betri ya bandia. Chomoa chaji, cheza video nusu saa, uone asilimia inavyoshuka.

Diski nayo huhesabu saa ilizowaka, na programu ya bure ya CrystalDiskInfo huzionyesha. Kompyuta ya ofisi inayowashwa saa 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, hufikisha saa 6,000 kwa miaka mitatu. Ukiambiwa "miaka mitatu" na diski ikasema 18,000, ama haikuwa ikizimwa usiku, ama ni kuukuu kuliko unavyoambiwa. Saa chache mno huenda zina maana kwamba diski imebadilishwa, na hapo haikwambii kitu kuhusu umri wa mashine.

Ukiuliza kichakataji, "Core i5" pekee si jibu. Soma namba inayofuata: i5-8250U ni ya kizazi cha nane, i5-6300U ni ya sita. Windows 11 hudai, kwa vichakataji vingi vya Intel, kizazi cha nane kwenda juu, na Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kisha izime na uiwashe, uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji hana, pengine bado imefungwa na mwajiri wa zamani.

Mwisho, ichezeshe video nzito dakika 20 bila kuizima. Feni ikinguruma kupita kiasi, au mashine ikajizima, vumbi limeziba njia ya hewa au gundi ya kupitishia joto imekauka. Fundi anaweza kurekebisha hayo, lakini gharama yake itoke kwenye bei.

Vipimo hivi havimalizi kila shaka. Wahandisi wanajua kwamba hitilafu za vifaa hujazana mwanzoni na mwishoni mwa maisha yake, na mtumba uliofunguliwa, ukabadilishwa vipuri na kufungwa tena, huweza kuanza upya ule mwanzo. Ndiyo sababu waranti ya maandishi kutoka duka unaloweza kulirudia kwa miguu ina thamani kubwa kuliko punguzo la shilingi elfu moja. Ukishaipata, usiitunze laptopu kabatini: itumie kwa kazi zako nzito kabisa tangu wiki ya kwanza. Kama itaharibika, heri iharibike waranti ingali hai.