Ufalme wa Angani: Jinsi ya Kuanza Mchezo wa OGame

Wengi wetu tukisikia kuna mchezo wa vita vya angani, mawazo hukimbilia mizinga, moto na milipuko. OGame si mchezo wa aina hiyo. Hapa hakuna kubofya vitufe haraka haraka hadi vidole viume. Ni mchezo wa hesabu, subira na mipango, mithili ya bao, ila wachezaji wake wametapakaa kila pembe ya dunia. Anayedhani ataanza leo na kesho awe mfalme atabaki mikono mitupu. Nia ya makala haya ni kukueleza hatua za kwanza, tena kwa Kiswahili, ili usianze kwa kupapasa gizani.

MCHEZO WENYEWE NI UPI?

OGame ulianzishwa mwaka wa 2002 nchini Ujerumani na Alexander Rösner, nayo kampuni inayouendesha ni Gameforge ya mji wa Karlsruhe. Hauna haja ya kuwekwa ndani ya kompyuta. Unafungua kivinjari, kile kile unachotumia kusoma habari kwenye intaneti, unajiandikisha, unachagua neno la siri, basi umeingia. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mchezo ni kurasa za picha na tarakimu, hauhitaji mashine ya bei ghali.

Ukiingia unapewa sayari moja. Anwani yake ni namba tatu: galaksi, mfumo wa jua, na nafasi katika mfumo huo. Kila galaksi ina mifumo 499, na kila mfumo una nafasi 15 za sayari. Kwa hivyo sayari ya 3:214:8 iko katika galaksi ya 3, mfumo wa 214, nafasi ya 8. Nafasi zilizo karibu na jua ni za joto na zilizo mbali ni za baridi, kama tulivyosoma katika Jiografia juu ya Zebaki na Neptuni.

Shika jambo moja tangu mwanzo: mchezo huu hausimami. Ukizima kompyuta, migodi yako inaendelea kuchimba na vyombo vyako vinaendelea kuruka. Jengo likihitaji saa tatu, ni saa tatu za ukutani. Adui zako nao hawakungojei. Hapo ndipo ulipo utamu wa mchezo, na hapo ndipo ilipo hatari yake, kama nitakavyoeleza mbele.

MALI TATU NA NISHATI

Kwa kuwa hili ni jarida la chama cha Kiswahili, nimevipa vitu vya mchezo majina ya kwetu. Ukiufungua utakuta vinaitwa kwa lugha nyingine, lakini picha zitakuongoza.

Mali ya kwanza ni metali. Hii ndiyo unga wa ugali: karibu kila kitu kinajengwa kwayo. Ya pili ni fuwele, ambayo hutumika sana katika utafiti na vyombo. Ya tatu ni deuteriamu. Wanakemia wanajua kwamba deuteriamu ni haidrojeni nzito, ambayo kiini chake kina protoni moja na nyutroni moja. Katika mchezo huu ndiyo mafuta ya vyombo. Sayari za baridi huitoa kwa wingi kuliko zile za joto.

Mali hizi huchimbwa na migodi, nayo migodi haifanyi kazi bila nishati. Nishati mwanzoni hutoka kwenye mtambo wa jua. Sasa sikiliza vizuri, kwa maana wageni wengi huteleza hapa. Nishati ikipungua, migodi yote hupunguza kazi kwa kiasi hicho hicho. Ukiwa na nusu ya nishati inayotakiwa, utapata nusu ya mali. Mtu anajenga mgodi mpya akitarajia mavuno makubwa, kumbe amepunguza hata yale aliyokuwa nayo! Kabla ya kupandisha mgodi wowote, tazama kwanza tarakimu ya nishati. Ikiwa nyekundu, jenga mtambo wa jua.

HATUA TANO ZA KWANZA

Unaanza na metali 500 na fuwele 500. Huo ndio mtaji wako, usiutapanye. Mpangilio huu ni salama:

1. Mtambo wa jua daraja la 1: metali 75, fuwele 30.
2. Mgodi wa metali daraja la 1: metali 60, fuwele 15.
3. Mgodi wa fuwele daraja la 1: metali 48, fuwele 24.
4. Mtambo wa jua daraja la 2: metali 112, fuwele 45.
5. Mgodi wa metali daraja la 2: metali 90, fuwele 22.

Jumla ni metali 385 na fuwele 136, kwa hivyo bado una akiba. Mtambo wa daraja la 1 hutoa nishati 22, na migodi miwili ya kwanza hula 11 kila mmoja. Zinatoshana barabara. Ndiyo sababu hatua ya nne ni mtambo tena, si mgodi.

Kuanzia hapo endelea kwa zamu: metali, fuwele, jua, kisha mgodi wa deuteriamu. Metali iwe mbele ya fuwele kwa madaraja mawili matatu hivi. Kumbuka kwamba sayari moja hujenga jengo moja kwa wakati mmoja, kwa hivyo usiache mafundi wakikaa bure. Angalia pia ghala zako. Ghala la mwanzo hubeba 10,000 za kila mali. Likijaa, mgodi unaacha kutoa hadi upunguze shehena au upanue ghala.

KWA NINI MIGODI KABLA YA VYOMBO?

Hapa ndipo vijana wenye pupa huachwa nyuma. Anaona picha ya ndege ya kivita, mate yanamdondoka, anajenga. Ngoja tupige hesabu.

Bei ya mgodi wa metali huzidishwa kwa 1.5 kila daraja. Huo ni ule ule mfululizo wa jiometri tunaofundishwa Kidato cha Tatu. Daraja la 2 ni metali 90. Daraja la 11 ni kama metali 3,460. Daraja la 21 ni kama metali 199,500. Bei zinaruka! Mavuno nayo yanapanda, lakini si kwa mwendo huo. Katika ulimwengu wa kasi ya kawaida, kutoka daraja la 1 hadi la 2 unaongeza metali 39 kwa saa, na metali uliyotumia inarudi baada ya saa mbili na ushei. Kutoka la 10 hadi la 11 unaongeza kama 163 kwa saa, na metali yako inarudi baada ya saa 21. Kutoka la 20 hadi la 21 unaongeza kama 626 kwa saa, na utangoja saa 319 hivi, yaani siku 13.

Funzo ni nini? Madaraja ya chini ndiyo yenye faida ya haraka kuliko kitu chochote katika mchezo. Ndege ndogo ya kivita hugharimu metali 3,000 na fuwele 1,000, karibu sawa na ule mgodi wa daraja la 11. Mgodi huo utakuzidishia metali zaidi ya 27,000 kwa wiki moja. Ndege itakuletea nini? Itakaa uwanjani ikingoja mwenye nguvu aje kuivunja. Haba na haba hujaza kibaba, lakini lazima kwanza uwe na kibaba chenyewe.

KISHA NINI?

Migodi ikishakaa vizuri, jenga kiwanda cha roboti, ambacho huharakisha ujenzi wote. Kikifika daraja la 2 unaruhusiwa kujenga karakana ya vyombo. Jenga pia maabara, utafiti wa nishati uanze, kisha utafiti wa injini. Injini ya mwako ikifika daraja la 2, na karakana pia daraja la 2, unaweza kuunda chombo kidogo cha mizigo. Kinabeba shehena ya 5,000. Hicho ndicho chombo cha kwanza chenye maana, kwa kuwa bila wapagazi hata ukishinda vita hutabeba kitu.

Kipepelezi nacho ni muhimu. Ni kidogo na kina mbio, na kinakuonyesha jirani ana nini ghalani na analindwa na nini. Usishambulie mtu usiyempeleleza. Ukishinda, kwa kawaida unaweza kubeba hadi nusu ya mali aliyo nayo, kulingana na nafasi katika vyombo vyako. Jua pia kwamba mizinga ya ardhini ikivunjwa vitani, takriban 70% hujirekebisha yenyewe. Vyombo havijirekebishi vyenyewe namna hiyo.

Kuna sheria ya kuwakinga wachanga: mkubwa sana hawezi kumshambulia mdogo sana. Alama zako huhesabiwa kwa mali uliyokwisha kutumia, alama 1 kwa kila 1,000. Kinga hiyo huisha ukikua, kwa hivyo itumie kujenga, usiitegemee milele.

USIKU WA MCHEZAJI

Sasa nifike kwenye lile la hatari. Ikiwa mchezo haulali, mchezaji afanye nini? Wapo wanaoweka kengele ya saa tisa za usiku ili waamke kulinda mali yao. Asubuhi unamwona mtu darasani, kichwa kinaanguka juu ya dawati, mwalimu akimwuliza swali anajibu mambo ya galaksi. Watu humwona ati ni mchezaji hodari. Mimi nasema hajaujua mchezo bado! OGame umetoa njia za kulala, na anayezijua ndiye hodari.

Njia ya kwanza ni ya mwenye sayari moja: tumia mali yako kabla ya kulala. Anzisha jengo refu jioni, litajengwa ukiwa kitandani. Mwizi akija akute ghala lina makombo.

Njia ya pili ni ya mwenye sayari mbili au zaidi. Chombo kilicho safarini hakiwezi kushambuliwa pale ulipokitoa, na mali iliyo ndani yake haiibiwi ghalani. Basi pakia mali yako yote, utume vyombo vihamie sayari yako nyingine. Mwendo unachagua mwenyewe, kuanzia 10% hadi 100%, na ukurasa unakuonyesha saa ya kufika kabla hujakubali. Chagua mwendo ambao vitafika wewe ukiwapo. Sisi wa shule ya kutwa tunatoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni, kwa hivyo safari ya mchana nayo ipangwe. Vyombo vikifika saa nane mchana nawe uko katika somo la Fizikia, ni kama ng'ombe walioachwa malishoni bila mchungaji.

Njia ya tatu ni likizo. Mchezo una hali ya mapumziko: ukiiwasha hushambuliwi, ila migodi nayo inasimama. Ukishaiwasha hukaa kwa siku mbili angalau. Wakati wa mitihani hiyo ndiyo dawa. Sayari itakungoja, karatasi ya mtihani haitakungoja.

PESA NA MASHARTI

Kuujiunga ni bure. Lakini ipo kitu iitwayo Maada Nyeusi, ambayo watu hununua kwa pesa za kweli ili waharakishe mambo. Shauri langu ni kwamba usiiguse. Atakayeshindana nawe kwa pesa anaweza kuwa mtu mzima mwenye mshahara. Wewe una nauli ya matatu tu. Hesabu pia gharama ya saiba au ya data ya simu ya nyumbani. Ukijua unachotaka kujenga kabla ya kuingia, dakika kumi asubuhi na kumi jioni zinatosha.

Kila mchezaji anaruhusiwa akaunti moja tu katika ulimwengu mmoja. Ukifungua mbili ili moja iilishe nyingine, utafungiwa. Usimpe rafiki neno lako la siri. Ukijiunga na muungano wa wachezaji, zungumza nao kwa adabu, lakini usiwaambie jina lako halisi, shule yako wala namba ya simu. Hao huwajui.

Nimalizie kwa kusema kwamba mchezo huu unaweza kukufundisha jambo ambalo hata somo la Biashara linahangaika kutufundisha: mtaji unaotumika leo kwa kiburi hauzai, na unaotumika kwa mpango huzaa hata ukiwa umelala. Kwa hiyo panga, jenga, kisha ulale. Ukiona sayari yako inakuzuia kulala, jua kwamba si wewe tena unayeitawala, na wakati wa kuwasha ile hali ya mapumziko umefika.