Jinsi Chuma Kinavyoiuma Dhahabu

Mchimbaji mdogo wa Nyatike, kaunti ya Migori, akishasaga mwamba na kuosha unga wake kwenye karai, hutia zebaki ili inase chembe za dhahabu, kisha huchoma donge linalotokea mpaka zebaki iishe kwa mvuke. Kinachobaki huenda kwa mnunuzi. Tukifuate kipande hicho hadi kwa fundi wa koftgari, sanaa ya Kihindi ya kupamba feleji kwa uzi wa dhahabu au fedha.

Dhahabu ya ardhini huwa na fedha ndani yake, nayo huifanya ngumu. Fundi huyu anataka iliyosafishwa, maana ikisafika huwa laini ajabu: gramu 1 yaweza kuvutwa ikawa uzi wa zaidi ya kilomita 2.

Hatumii gundi wala lehemu. Kwa patasi nyembamba huchanja uso wa chuma mistari iliyobanana, upande mmoja, kisha mshazari, kisha mshazari wa pili, mpaka ukwaruze kama tupa. Huchora ua lake, hulaza uzi juu ya mchoro, na kuugonga kwa nyundo ndogo. Vimeno vya chuma huuma dhahabu. Hupasha moto, hugonga tena, halafu husugua kwa jiwe la akiki hadi mikwaruzo ya nje ya ua ipotee. Mwisho ni moto wa kama nyuzi 300 za Selsiasi. Chuma hugeuka buluu iliyokoza. Dhahabu haishiki kutu, hivyo hubaki na rangi yake.

Sialkot na Gujrat, katika Punjab, zilisifika kwa panga na deraya za namna hii. Waingereza walipobana umiliki wa silaha kwa sheria ya mwaka 1878, mafundi waliendelea na visanduku na sinia. Mjini Udaipur, India, bado wapo wanaoifanya sanaa hii.

Fundi wa jua kali wa Homa Bay anayefua panga kwa springi ya gari tayari ana feleji, nyundo na moto. Inaniuma kuona dhahabu ya jirani yake ikiondoka bila kuguswa na mkono wa msanii wa hapa. Ukitaka kujifunza, anza na waya mwembamba wa shaba uliolainishwa motoni. Na dhahabu iliyopitia zebaki usiichome kamwe jikoni: mvuke wa zebaki hauonekani, nao huharibu ubongo na figo.