Gemu la maisha mtandaoni: ugumu uko kwenye saa

Katika vibanda vya gemu vya Kariakoo, anayefungwa humpisha anayesubiri. Mechi huisha kwa dakika chache, na dakika hizo ni zilezile kwa wote wawili. The Sims, gemu la maisha lililotoka mwaka 2000, lina utamu mwingine: unajenga nyumba, unalisha watu wako, na saa unaishika wewe. Ukitaka kupanga samani unaisimamisha. Wakilala, unaikimbiza mpaka asubuhi.

Hapo ndipo mtandao unapokwama. Wachezaji wawili wakishiriki nyumba moja, mmoja amelala na mwenzake anapika, saa haiwezi kwenda mbio kwa huyu na polepole kwa yule. Intaneti ya kusuasua si kikwazo kikubwa: wali ukichelewa nusu sekunde kuiva, nani atajali? The Sims Online, ya Desemba 2002, ilichagua saa isiyosimama. Wachezaji wakabaki kurudiarudia kazi za kukuza ujuzi na kutafuta pesa. Agosti 2008 ikafungwa, ikiwa imeshabadilishwa jina kuwa EA-Land.

Lakini gemu la kuuza na kununua, la maisha ya Mtaa wa Msimbazi huko Kariakoo, likitengenezwa ningelitaka mtandaoni, tena kwa hamu. Mteja ameshika gauni, anaomba apunguziwe; muuzaji anataja bei ya mwisho; mteja anageuka kuondoka, anaitwa arudi. Raha yote ni kutojua kama ataitwa. Kuna pia mshikamano wa wauzaji: Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa kero za kodi, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akakutana nao Mnazi Mmoja. Mtu anayeendeshwa na kompyuta hufuata njaa, usingizi na mfuko wake. Kukubali hasara ya siku nzima kwa kuwa jirani naye amefunga, hilo linataka watu kweli.

Kwa hiyo ningewashauri watengenezaji wagawe dunia mara mbili: nyumbani saa ya mwenye nyumba, mtaani saa ya wote, na wanaoingia wawe watu uliowaalika, si maelfu ya wageni. Usipokuwepo, kijana wa kompyuta auze dukani kwa bei ulizomwachia. Umri tu ndio usiachwe nyumbani. Uhesabiwe kwa saa ya mtaa, la sivyo mwanao atamaliza chuo wakati wenzake waliozaliwa naye bado wako chekechea.